Samaki wa Karatasi

Haya ndiyo niliyowaambia wazazi na walezi wa Gredi ya Pili tulipokutana shuleni hapa Kisumu, siku chache kabla ya kufungua Muhula wa Pili. Wengi walikosa kufika kwa sababu ya kazi na matope, wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.

Jaduong' mwenyekiti wa bodi, mwalimu mkuu, walimu wenzangu, mama zangu na baba zangu, dada na kaka mnaolea wadogo zenu, na nyanya zetu wawili niliowaona mkiketi pale mbele kabisa: hamjambo? Oyawore uru. Nimeliangalia lile wingu lililokaa juu ya vilima vya Kajulu na nimejipimia muda wangu kwalo. Likifika hapa mkutano umekwisha, kwa sababu mabati ya ukumbi huu yakianza kupigwa, hata mimi mwenye sauti ya kuita watoto kutoka uwanjani sisikiki.

Nianze na aibu yangu. Mwaka 2019, mtaala huu wa umilisi ulipoanza nchi nzima kuanzia chekechea hadi Gredi ya Tatu, nilikuwa nafundisha shule nyingine hapa hapa mjini. Tulikuwa tumetoka semina ya siku chache, madaftari yamejaa maneno makubwa, na kila mwalimu alitaka aonekane ameelewa kuliko mwenzake. Nikawaagiza watoto walete picha za rangi za samaki wa ziwani: ngege, mbuta, mumi, kamongo, omena. Jioni ile saiba za Kondele, yale maduka ya kompyuta na kuchapisha, zilijaa wazazi. Ukurasa mmoja wa rangi ulikuwa shilingi ishirini, na mwenye mashine alipoona foleni akapandisha.

Kesho yake asubuhi mama mmoja alikuja hadi mlangoni mwa darasa na karai kichwani. Anauza samaki. Hakunigombeza, wala hakuuliza mwalimu mkuu yuko wapi. Alitua karai, akafunua gunia lililolowa, akaniambia: "Mwalimu, hawa hapa. Kwa nini nitoe pesa ya unga nikanunue wa karatasi?"

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni watoto arobaini na kitu waliosimama juu ya madawati wakichungulia ndani ya karai. Basi somo likahamia pale mlangoni. Tukagusa magamba, tukahesabu mapezi, tukampanga omena karibu na mbuta tukaona nani mrefu, nani mfupi. Na kijana mmoja ambaye tangu Januari alikuwa hajafungua mdomo darasani akatufundisha jinsi ya kumjua samaki wa jana: unainua shavu, unaangalia matamvua. Yakiwa mekundu, nunua. Yakiwa ya kahawia, mpishe mwenye haraka. Jambo hilo halikuwa kwenye mpango wangu wa somo. Lilikuwa nyumbani kwao.

Ndiyo maana leo nimekuja na neno moja tu, na mengine yote nitakayosema ni matawi yake. Sehemu kubwa ya watakachojifunza watoto wenu muhula huu mnayo tayari, jikoni, sokoni, na hasa midomoni mwenu. Naomba mnikopeshe. Sitawatuma saiba tena.

Sasa ratiba, haraka haraka. Kwa wiki tuna vipindi 31, kila kimoja dakika 30. Hisabati vitano, Kiingereza vitano, Kiswahili vinne, Mazingira vinne, Elimu ya Dini vitatu, lugha ya kiasili viwili, na kimoja cha malezi ya kidini. Vinavyobaki ni saba, na hivyo saba ni vya Shughuli za Ubunifu: kuchora, kuimba, kufinyanga, kucheza, kukimbia. Zamani muziki ulikuwa peke yake, sanaa peke yake na michezo peke yake. Mtaala ulipopunguzwa masomo, haya yakawekwa kwenye kapu moja.

Muhula uliopita baba mmoja, na namwona amekaa pale karibu na dirisha, aliniuliza kwa adabu kabisa: mwalimu, inakuwaje nyimbo zina vipindi saba na hesabu vitano? Yeye anataka mtoto awe daktari. Nilimwalika akae nyuma ya darasa kwa kipindi kimoja. Siku hiyo tulikuwa tunaruka kamba. Mrukaji anahesabu mbili, nne, sita, nane, na akikosea hesabu anatoka. Yule baba alikaa kipindi kizima na mwisho akaomba zamu yake. (Aliishia kumi na nne.) Mtoto wa miaka saba anashika mkasi na udongo kwa vidole vile vile atakavyoshikia kalamu, na kiwiko kisichojua kurusha mpira huwa kinachoka mapema kwenye mstari wa daftari.

Na kwa wanaosema nyimbo za nyumbani hazina kazi shuleni: wimbo wetu wa taifa, ule tunaousimamia wima kila tukipandisha bendera, tuni yake ilitokana na wimbo wa akina mama wa Kipokomo kule Mto Tana wa kubembeleza watoto walale. Muhula huu tuna tarehe 1 Juni, Madaraka, na wengi wenu mnakumbuka mwaka 2021 sherehe ya taifa ilipoletwa hapa kwetu, uwanjani Mamboleo. Tutauimba. Lakini kabla ya hapo nataka kila mtoto aje na wimbo mmoja wa kubembelezea mtoto, ule ule aliobembelezewa yeye. Kwa Kijaluo, Kiluhya, Kikisii, Kinubi, chochote. Hamhitaji kuandika. Mwimbieni usiku, yeye ataubeba kichwani.

Kusoma. Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi.

Muhula wa Kwanza kuna mtoto alinisomea ukurasa mzima bila kosa hata moja, kwa sauti ya mtangazaji, na kitabu kilikuwa kimegeuka miguu juu. Alikuwa amekariri. Dada yake alisoma kitabu hicho hicho mwaka juzi, kwa hivyo nyumbani ukurasa ule ulikuwa umeshakuwa kama sala. Sikumcheka, kwa sababu kukariri ni akili pia, lakini sio kusoma. Lengo langu muhula huu ni kwamba nikimpa mtoto hadithi fupi ambayo hajawahi kuiona, aisome mwenyewe, kisha aniambie nani alifanya nini. Ndiyo maana utamwona anarudia sauti na silabi mpaka uchoke: sha, she, shi, sho, shu. Usimkataze. Silabi za Kiswahili ni rafiki wa kweli, hazibadiliki tabia. *Ba* ni *ba* mwanzoni mwa neno, katikati na mwishoni. Kiingereza hakina huruma hiyo, na Kiingereza chenyewe kitafuata vizuri zaidi mtoto akishajua kwamba herufi zinasema kitu.

Sasa kuna jambo la sauti ambalo hapa Kisumu lazima tulizungumze bila kuoneana haya. Kijaluo hakina *sh*. Basi mtoto aliyelelewa kwa Kijaluo anaenda *sule*, anarudi *samba*, na watu wanacheka. Mimi mwenyewe ni Mjaluo, nimechekwa chuoni hadi nikawa siinui mkono. Kucheka kunamfunza mtoto kunyamaza, basi. Lakini pia sitawadanganya kwamba haijalishi, kwa sababu mtoto anaandika anavyosikia. Wiki ya mwisho ya muhula uliopita niliomba sentensi kuhusu safari. Mtoto mmoja akaandika: "Mama alisuka Kondele." Nikamwuliza, mama alisukwa nywele Kondele? Akaniangalia kama mtu mwenye mwalimu mjinga. "Hapana, mwalimu. Alisuka kwa matatu."

Tulifanya hivi. Nikamwambia weka kiganja mbele ya mdomo. Sema *sss* kama nyoka: pumzi inatoka nyembamba, baridi. Sasa sema *shhh* kama mtu ananyamazisha mtoto kanisani: pumzi inakuwa pana, ya joto. Akacheka. Akafanya mara kumi. Kisha akaandika upya, akashuka Kondele salama. Mchezo huo mnaweza kuucheza nyumbani mkingoja ugali uive. *Suka, shuka. Saba, shaba.*

Wale mnaotoka Vihiga na Kakamega msianze kututazama kwa dharau, nyinyi mna *b* na *p* zenu, na *d* na *t*, na mtoto akiandika *papa* amerudi kutoka kazini sisi wengine tunaanza kutafuta bahari. Na tukirudi kwa Mjaluo, mtoto huyo huyo wa *sule* ukimpa *dhahabu* na *thelathini*, anazitoa bila jasho, maana *dh* na *th* amezinyonya nyumbani, wakati wenzake wanasema *zahabu* na *selasini*. Na *ng'*? Mtoto aliyehesabu *ang'wen*, yaani nne, tangu ana miaka mitatu hawezi kushindwa na *ng'ombe*. Kwa hivyo muhula huu nitawakalisha wawili wawili kwa makusudi, kila mmoja na mwenzake mwenye sauti ambayo yeye hana. Mtoto akija nyumbani akasema mwalimu amemweka na fulani wa kabila lingine, sababu ndiyo hiyo.

Ombi langu kuhusu vitabu. Vitabu vya kusomea ni vya serikali, ni kweli, na vikipotea tunaulizwa. Lakini kuna nyumba ambazo kitabu kinafika Ijumaa kinafungiwa kabatini na Jumatatu kinarudi safi kama kilivyoenda. Najua kwa sababu hata kijiti cha ufagio nilichoweka ukurasa wa tisa nakikuta ukurasa wa tisa. Afadhali kirudi na alama ya kidole chenye mafuta ya mandazi. Dakika kumi jioni zinatosha. Na stima ikipotea, kama inavyopotea, msimulieni hadithi, nayo ni kusoma kwa masikio.

Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021. Tungependa watoto watoe mashairi na vitendawili hapa uwanjani. Najua, najua, tarehe hiyo ni Saba Saba, na Kondele huwa na maandamano yake. Kama barabara itakuwa na moshi tutafanya tarehe 8, na Kiswahili hakitakasirika.

Tuje kwenye hesabu. Kwenye karatasi inaonekana hivi: kuhesabu mbele na nyuma hadi 100, makumi na mamoja, kujumlisha na kutoa, kuzidisha kama kujumlisha kwa kurudia, kugawa kwa usawa, nusu na robo, mita, kilo, lita, na pesa. Mzazi akisikia hivyo anaona ni mlima. Ngojeni niwaonyeshe jambo moja.

Mwambie mtoto aandike ishirini na tatu. Wengi wataandika 203. Msiwapige! Hawajakosea kusikia: wamesikia ishirini, wameandika 20, wamesikia tatu, wakaongeza 3. Kasoro iko kwenye kuelewa kwamba ile mbili inasimama badala ya makumi mawili. Na neno *ishirini* halimsaidii, kwa sababu ndani yake husikii *mbili* wala *kumi*. Kiingereza nacho kinamwambia kumi na tatu kwa neno linaloanza na tatu, ndiyo maana anaandika 31.

Sasa nyanya, wewe mwambie kwa Kijaluo. *Piero ariyo gi adek.* Makumi mawili na tatu. Imejieleza yenyewe! *Piero adek*, makumi matatu. *Apar gi adek*, kumi na tatu. Hata saba, *abiriyo*, ukiifungua unaikuta *abich* na *ariyo*, tano na mbili, mkono mmoja na vidole viwili vya mkono wa pili. Nilifundisha miaka sita kabla ya kuligundua hili, na lilikuwa kwenye lugha ya mama yangu mzazi. Siku nilipoandika 23 ubaoni kando ya 203 ya mtoto mmoja na kumwuliza aniambie kwa Kijaluo, alisema *piero ariyo*, akanyamaza, akachukua chaki mwenyewe akafuta ile sifuri. Sikusema neno. Tangu mwaka 1976 ripoti ya elimu ya kamati ya Gachathi ilipendekeza watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na sisi walimu wa mjini ndio tumekuwa tukiiona kama ushamba. Wenye Kiluhya na Kikisii, hesabuni nao kwa lugha zenu pia, kisha waniletee maneno hayo. Nataka tuyabandike ukutani tuone kila lugha inafungaje makumi yake.

Kwa hivyo badala ya kununua ile fremu ya shanga ya madukani, nipeni vijiti vya ufagio mia moja, urefu sawa na kidole, na uzi wa kufungia. Kumi tunafunga fungu. Vizibo vya soda pia vinafaa, vioshwe.

Vipimo. Gredi ya Kwanza walipima kwa shibiri na hatua, na mliona ugomvi wake, maana shibiri ya mwalimu sio ya mtoto. Sasa wanaingia kwenye mita, kilo na lita. Na hapa soko la Kibuye litanifundishia kuliko kitabu. Kila mtu hapa anajua gorogoro, lile kopo la kupimia la sokoni. Mahindi gorogoro moja, watu wanasema ni kilo mbili, na hawakosei sana. Lakini jaza gorogoro ile ile omena iliyokauka, uiweke kwenye mizani. Kilo mbili haifiki. Kwa nini? Kopo ni lile lile, halijapungua. Swali hilo nitalitupa darasani wiki ya tatu na sitalijibu, watakuja nalo nyumbani. Tafadhali na nyinyi msilijibu. Mtoto akiomba kushika mkono mmoja omena na mkono mwingine mahindi, mwacheni ashike. Kama una mizani ya kuuzia na unaweza kutuazima kwa kipindi kimoja, nione baadaye, nitairudisha mwenyewe kabla jua halijawa kali.

Nusu na robo tutafundishia chapati. Shida yangu ni moja: nikiuliza robo ni nini, watoto wanasema ni kipande. Nikiuliza kipande cha ukubwa gani, kuna binti aliniambia kuna robo ya baba na robo ya watoto. Darasa zima likakubali! Basi, baba zangu, kwa muhula huu tu, chapati ikikatwa nne iwe nne sawa. Baada ya mitihani mnaweza kurudia mila.

Na kuna swali la saa lililonijia kutoka kwa mtoto, sio mzazi. Mkono mfupi uko kwenye saba, mwalimu wa Kiingereza anasema ni saba, mimi nasema ni saa moja. Nani mwongo? Nilimwambia hakuna. Kiswahili kinaanza kuhesabu kukikucha, jua likishachomoza, na hapa kwetu karibu na ikweta jua halitutupi, linakuja karibu wakati ule ule mwaka mzima. Saa ya kwanza ya mchana ni saa moja. Alitosheka. Akiwauliza nyumbani, mwambieni hivyo hivyo, tusimchanganye.

Mazingira. Hapa muhula wenyewe ni mwalimu, mvua iko juu yetu. Hatujasahau mwaka 2024, shule zilikuwa zifunguliwe 29 Aprili, tukafungua 13 Mei kwa sababu ya mafuriko, na kuna watoto wa huku Nyamasaria na kule Nyando ambao walirudi bila daftari hata moja. Kila asubuhi mtoto atachora hali ya anga: jua, mawingu, upepo, mvua. Tutakata chupa ya plastiki tuitege nje tuone maji yamefika wapi. Na wenye jamaa Dunga, waulizeni wavuvi upepo unatoka wapi saa nane mchana na unageukia wapi usiku. Mchana ziwa linaupuliza kuja kwetu nchi kavu, ukakutane na upepo wa milimani, na hapo ndipo hiki kiwingu chetu cha alasiri kinapopikwa. Mvuvi anayejua hivyo ni mwalimu wa Mazingira bila cheti. Jambo moja sio mchezo, watoto wasivuke mto Auji maji yakiwa juu, hata kama kengele imelia. Nitawasubiri. Na chandarua, mnajua, nisirudie.

Kiingereza na Elimu ya Dini walimu wenzangu watawaeleza kwa karatasi, mtazipata mkitoka.

Kuhusu ripoti, maana najua kuna mtu anangoja kuuliza mtoto wake ni wa ngapi. Hakuna wa ngapi. Ripoti itaandikwa anazidisha matarajio, anafikia, anakaribia, au yuko mbali na matarajio, kwa kila eneo. Mimi pia nilipenda kuwa wa tatu, nisidanganye, na nilimchukia wa pili hadi tukamaliza darasa la nane. Ukiona "anakaribia" kwenye kusoma, usiulize nani amefikia. Niulize anakwama wapi, nitakuonyesha ukurasa. Naweza kukuonyesha hata silabi.

Vya kuleta nimeshasema: vijiti, uzi, vizibo, chupa moja iliyooshwa, wimbo mmoja. Hakuna manila, hakuna picha za rangi, hakuna kitu cha kuchapishwa. Mkiona nimetuma ujumbe kwenye simu nikidai kitu cha saiba, nipigieni simu mniulize kuhusu karai.

Hapo nilinyamaza nikaruhusu maswali. La kwanza lilikuwa la chakula cha mchana na la pili la choo cha wasichana, na mwalimu mkuu aliyajibu. La tatu lilitoka kwa mmoja wa wale nyanya wa mbele. Alisimama polepole, akashika kiti cha jirani.

"Mwalimu," alisema, "mimi na kalamu hatujawahi kukutana. Nabaki na mjukuu huyu peke yangu, mama yake yuko Nairobi. Umesema asome dakika kumi. Nitajuaje kama anasoma au ananitungia?"

Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Nikashuka pale mbele, nikafungua kitabu cha mjukuu wake, nikamwekea mapajani. Nikamwambia: nyanya, usitafute herufi. Tafuta ndani ya ukurasa huu maneno mawili yanayofanana sura, kama mapacha. Weka kidole kwenye la kwanza umwulize linasema nini. Ngoja kidogo, muulize habari za ng'ombe, kisha weka kidole kwenye la pili. Akiyataja tofauti, anakutungia.

Alivaa miwani. Aliinama juu ya ukurasa kwa muda, ukumbi mzima ukamngoja, kidole chake kikishuka mstari kwa mstari. Kikasimama kwenye *samaki*, juu. Kikateremka, kikapita maneno mengi, kikasimama tena kwenye *samaki*, karibu na mwisho.

"Hawa," alisema. "Mapacha nawajua, nimezalisha wengi."

Tone la kwanza likapiga bati.